Mwendo wa Kuongea

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kaniambia niandike kila siku nilichofanya na mwili ulivyojisikia, ili tukikutana tena nisije nikamjibu tu "sijambo" kama kawaida yangu. Nikamuuliza kama niandike na moyo ulivyojisikia. Akacheka, akasema hapo naye hana kipimo.

Haya. Leo nimeamka nimechoka. Nimekwenda kazini. Nimerudi nimechoka zaidi. Mvua imeanza.

Jumanne, 4 Machi

Naona nieleze yote tangu mwanzo, maana hata mimi mwenyewe bado sijayazoea.

Kaka yangu alianguka mwezi wa kwanza kwenye bonanza la kiwanda chao, katika mbio za kupokezana vijiti. Alikuwa ameshampa mwenzake kijiti. Wanasema alisimama, akashika magoti, akacheka, kisha akaenda chini kama mtu aliyevutwa miguu. Wenzake walidhani anatania, kwa sababu kutania ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Walipoacha kucheka, alikuwa ameshatutoka.

Msibani kila aliyesimama alisema marehemu alikuwa na moyo mkubwa. Baadaye daktari aliyeuchunguza mwili akatuambia ni kweli tupu: misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi. Ni ugonjwa wa kurithi. Akataka sisi wa damu moja tupimwe. Tulioanza ni mimi na Mama. Mama hana. Kwa hiyo ulitoka kwa Baba, aliyeanguka ghalani akiwa na gunia begani, nasi tukaambiwa ni joto.

Mimi ninao.

Na kazi yangu ni kufundisha watu kuogelea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeongea na Meneja wa bwawa. Nilimweleza masharti ya Daktari jinsi nilivyoyashika. Nisifanye mazoezi ya kushindana na mtu wala na saa. Nisikurupuke, nisisimame ghafla, nianze taratibu na nimalize taratibu. Nisinyanyue kizito huku nimebana pumzi. Ninywe maji. Nikiwa na homa nipumzike. Nisiingie majini peke yangu. Kifua kikiuma, kizunguzungu kikija, moyo ukianza kwenda mbio bila mpango, nisimame na niseme.

"Na useme," Daktari alirudia, akanitazama juu ya miwani. "Watu wa ugonjwa huu mna tabia ya kunyamaza."

Lakini hakuniambia nikae. Hilo ndilo lililonishangaza. Alisema nitembee, karibu kila siku, kwa mwendo wa kuongea: niweze kutoa sentensi nzima bila kukatika pumzi. Nikishindwa kuongea, nimezidisha. Nikiweza kuimba, niongeze kidogo. "Hayo ni ya moyo wako wewe," akasema. "Usiende kumgawia mwingine mwenye ugonjwa huu. Yeye atapimwa apewe yake."

Meneja alinisikiliza huku akichezea funguo. Mwishowe akasema, "Mwalimu, utafundishia ukingoni. Mwokoaji ndiye ataingia majini." Nikamshukuru. Nikaenda kusimama ukingoni na nguo kavu, nikiwapigia watu kelele wapige miguu. Nilijiona kama mpishi asiyeruhusiwa kuonja.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Vidonge vya kupunguza mapigo vinanifanya nijihisi kama nimevaa nguo zilizolowa.

Jumanne, 11 Machi

Mama amehamia kwetu. Hakutaarifu wala hakuomba, alikuja na begi akasema amekuja "kuangalia hali." Binti yangu amempisha kitanda. Huyu binti jina lake la nyumbani ni Chura, kwa kuwa alijua kuogelea kabla hajajua kufunga viatu, basi mume wangu naye mtaa mzima unamwita Baba Chura, na hakuna wa kumtetea.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetembea na Baba Chura jioni, mvua ilipopumzika. Yeye ni mpiga chapa, anashinda amesimama mbele ya mashine, akadai miguu yake ina mazoezi ya kutosha. Tulipofika kwenye mwinuko baada ya duka la vioo nilikuwa namsimulia habari za Meneja bila shida yoyote. Yeye alikuwa hajibu.

"Mbona kimya?"

"Nakusikiliza," alisema, akihema kama treni.

"Daktari kasema anayeshindwa kuongea amezidisha."

"Daktari alikupima wewe. Mimi hajanipima."

Tulicheka mpaka tukasimama. Ni mara ya kwanza tangu msiba. Mwili: uchovu kidogo, kifua shwari.

Jumatano, 19 Machi

Mama kaninyang'anya ufagio. Jana ndoo. Juzi mtoto wa jirani, mwepesi kama unyoya, eti nisimbebe.

Jumamosi, 22 Machi

Leo Mama amesimama mlangoni nikitaka kutoka kutembea, mikono kiunoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kutembea, Mama. Daktari kasema."

"Daktari hakukuzaa."

"Mama, nikikaa tu nitanenepa, nitadhoofika, nitakuwa mbaya zaidi. Kasema mwenyewe."

"Kaka yako naye alikuwa anafanya mazoezi. Yuko wapi?"

Nilivua viatu nikakaa. Akaniletea chai iliyopoa, kwa vile ya moto inaweza kunishtua. Niliinywa. Mimi, mtu mzima mwenye mume na mtoto, nimekaa kwenye kochi nakunywa chai baridi huku mama yangu akiniangalia kifua kama anangoja chungu kichemke.

Ninachoka zaidi siku ambazo sijafanya kitu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Kochi.

Jumamosi, 29 Machi

Ya leo ni marefu.

Darasa la watu wazima. Kuna fundi seremala mmoja, pande la mtu, tunamwita Mbao. Jina kajipa mwenyewe. Siku ya kwanza aliapa kwamba mbao haizami. Leo alikuwa ameshika kamba pale sakafu inapoanza kushuka. Mvua ikaja ya upepo, ikapiga madirisha ya upande wa stoo yakafunguka, Mwokoaji akakimbia kuyafunga. Mbao akageuka kutazama kelele, akaachia kamba.

Alizama bila sauti. Watu hudhani anayezama hupiga kelele. Hapigi.

Sikufikiri. Miaka yote nimewafundisha wengine wafikiri kwanza, lakini miguu yangu haikuniuliza. Nilijitosa na viatu. Alinikumbatia shingo, na mtu anayezama ana nguvu za watu watatu. Nikabana pumzi, nikamgeuza, nikaipiga teke sakafu, nikamvuta hadi ukingoni. Mikono mingine ikampokea.

Halafu nikakaa kwenye ngazi, na masikio yakaziba. Moyo ulikuwa haupigi, ulikuwa unatapatapa, kama samaki kwenye sakafu ya jikoni. Mwanga ukapungua kuanzia pembeni, ukabaki tundu dogo kama la mkono wa shati, na ndani ya tundu nikaona vigae vya bwawa, vyeupe. Nikaweka kichwa magotini. Nilidhani ndiyo basi. Hata sikuogopa. Nilikuwa nimechoka tu.

Kisha vikarudi vyote kwa pamoja: kelele, mvua, Mbao akikohoa na kumshukuru Mungu.

Mwokoaji alikuwa ameinama mbele yangu. "Mwalimu, uko sawa?"

"Niko sawa," nikasema. "Nimemeza maji tu."

Jumatatu, 31 Machi

Sijamwambia mtu. Nikisema, Meneja ataniondoa hata hapo ukingoni. Mama atanifunga kamba kochini.

Alhamisi, 3 Aprili

Meneja amenisifu mbele ya wote. Wakapiga makofi. Mbao kaniletea kigoda alichokichonga mwenyewe, ili nikae nikifundisha. Nimekaa. Kizuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Wifi yangu, mke wa marehemu kaka, amekuja kututembelea. Niseme ukweli, tangu msiba nilikuwa na kinyongo naye. Hakulia. Sisi tulikuwa tunagaagaa chini, yeye kakaa wima kama anasubiri basi. Mama alisema huyu mwanamke ana jiwe kifuani, nami sikumpinga.

Mama alikuwa ametoka. Nilimkaribisha Wifi, nikaenda kuleta maji, na wakati naweka bilauri mezani nikainama kidogo, nikashika magoti, kwa kuwa kizunguzungu kilinipitia. Kidogo tu. Nilipoinua uso, Wifi alikuwa amesimama.

"Imeanza lini?" akauliza.

"Nini?"

"Wifi, usinifanye mjinga. Hivyo ulivyoshika magoti. Kaka yako alikuwa anashika hivyohivyo, halafu anacheka. Anacheka ili nisione."

"Alikuwa anaanguka?"

Akakaa tena. Akaviringisha ncha ya mtandio kidoleni, akaviringua. "Ngazi za nyumbani, mara moja. Mara nyingine bafuni. Akaniapisha nisiseme. Alisema nikiwaambia kazini watamtoa kwenye mashine, wampe kazi ya kufagia. Nikiwaambia ninyi, mama yenu atahamia kwetu."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Nilimfukuza. Si kwa maneno hayo, lakini nilifungua mlango nikasimama kando, mvua ikiingia hadi ndani, naye akachukua mwavuli wake akaondoka bila kuufungua.

Jumapili, 6 Aprili

Nina hasira. Alijua. Angesema neno moja tu.

Jumatatu, 7 Aprili

Neno moja tu. Nami je?

Jumanne, 8 Aprili

Sikwenda kazini. Nilikwenda kwa Wifi. Alinifungulia akiwa na mikono ya unga, akanitazama kama mtu anayejiandaa kupigwa.

Nikamwambia yote: Mbao, ngazi za bwawa, tundu la mkono wa shati. Nikamwambia sijamsimulia mume wangu, wala Mama, wala Daktari. Na kwamba nimemchukia siku mbili kwa kosa ninalolifanya mimi mwenyewe, hai, kwa akili zangu timamu.

Hapo ndipo Wifi alipolia. Alilia amesimama, mikono ya unga ameinua juu ili asijipake, na mimi nikamshika. Alisema msibani hakuweza kulia kwa vile kila akifungua mdomo alihisi litakalotoka ni lile neno, na mama mkwe yuko pale mbele yake.

Kisha akanawa mikono, akavaa viatu. "Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kwa daktari wako. Leo hii. Mimi sinyamazi mara ya pili."

Jumanne hiyohiyo, jioni

Daktari hakunigombeza. Ningependelea anigombeze. Kanifunga kimashine cha kurekodi mapigo, nitembee nacho, nilale nacho. "Umefanya vizuri kuja," alisema, na Wifi akakohoa.

Nimewaambia nyumbani. Baba Chura alitoka nje akasimama kwenye mvua. Mama alichukua ufagio akafagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Wameona mapigo mabaya kwenye kimashine. Nalazwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Wodini. Wamenipandikizia kifaa chini ya ngozi karibu na bega, kidogo kama kisanduku cha sindano za kushonea. Moyo ukipotea njia, kitaurudisha kwa kuushtua. Daktari kanionya hakinifanyi niwe na moyo mpya, wala si ruhusa ya kukimbia. Ni mlinzi tu, na mlinzi mzuri ni yule anayekaa bila kazi.

Mgonjwa wa kitanda cha pili ananiuliza kama kinashika na redio.

Ijumaa, 25 Aprili

Nyumbani. Siruhusiwi kuinua mkono wa kushoto kupita bega, kwa wiki kadhaa. Chura ananichana nywele. Vidole vyake vina nguvu, anavuta kama anang'oa magugu. Nilikuwa namtazama kwenye kioo: mabega mapana, kifua cha mwogeleaji. Kifua cha mjomba wake.

Jumanne, 6 Mei

Zamu ya Chura kupimwa.

Daktari alishatuambia tangu mwanzo: kila mtoto wa mwenye ugonjwa huu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Mimi ndiye niliyekuwa naahirisha. Mara shule, mara mvua, mara mimi nimelazwa.

Alilala kwenye kitanda chembamba, akapakwa yale mafuta baridi kifuani, akacheka kwa kutekenywa. Kwenye skrini moyo wake ukawa unafunguka na kufunga. Sijawahi kutazama kitu kwa namna hiyo. Nilitafuta unene. Nilimtazama Daktari usoni, nikatafuta huko pia.

"Kwa leo moyo wake ni wa kawaida," akasema.

Nikasikia "wa kawaida." Baba Chura yeye akasikia "kwa leo."

"Ugonjwa unaweza kujitokeza baadaye, hasa wakati huu anapokua," Daktari akaeleza. "Tutampima kila mwaka. Kati ya hapo aendelee na maisha yake."

"Kuogelea?" Chura akauliza, bado kalala.

"Kuogelea. Mkufunzi wako ajue habari za familia yenu, na asikuache peke yako majini. Ukiona dalili yoyote, unasimama na unasema. Hakuna cha ushujaa."

Chura akapiga ngumi hewani. Mimi nilifuta mafuta kifuani mwake kwa karatasi, nikafuta, nikafuta, hadi akanishika mkono.

Jumatano, 14 Mei

Nimemkataza Chura mashindano. Nimesema mazoezi ya kawaida sawa, mashindano hapana. Yako mwezi ujao, kwenye bwawa letu.

"Daktari kasema naweza."

"Daktari hakukuzaa."

Nilipolisikia hilo neno likinitoka, nilitamani kulirudisha. Chura hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama," akasema, "chai baridi pia utaniletea?"

Akaingia chumbani. Mama yangu alikuwa jikoni. Najua alisikia, kwa sababu sufuria zilinyamaza.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua imepungua.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikuwa nafunga kamba za viatu kwa mkono mmoja na nusu, nimeshajiandaa kwa ugomvi, Mama akaja na viatu vyake vya ibadani, vile vyeusi.

"Tunakwenda wote," akasema.

Tulishuka hadi duka la vioo, tukapita ghala la chuma. Hatukuongea mpaka kwenye kona, na mwendo ule ulikuwa wa kuongea kabisa.

"Nimezika mume," Mama akasema. "Nimezika mwana. Kila nikikuona unainuka kwenye kiti, nakuona uko chini. Sikuzuii kwa ubaya. Nimechoka kuzika."

"Najua, Mama."

"Hujui. Lakini juzi umeanza kujua, nilikusikia." Alisimama, akashika mkono wangu mzima. "Yule mtoto ataogelea tu, sisi tukitaka tusitake. Kaka yako nilimkataza mpira, akawa anaucheza kwa jirani. Mpaka leo sijui alikuwa ananificha mangapi. Chura asianze kukuficha."

Tukaendelea. Baadaye akauliza kama tunaweza kupunguza mwendo, si kwa ajili ya moyo wangu, kwa ajili ya viatu vyake.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia Chura ataogelea. Nimempa sharti: dalili yoyote, hata ya kipuuzi, ananiambia, na mimi naahidi sitapiga yowe. Akasema, "Na wewe uniambie zako." Tumepeana mikono kama wafanyabiashara.

Jumanne, 27 Mei

Nimerudi kazini. Mkono unapanda tena. Meneja ameleta kifaa cha kushtua moyo cha ukutani, kimefungwa karibu na mlango ambapo kila mtu anakiona. Nimewafundisha wenzangu: mtu akianguka, haitiki na hapumui vizuri, mmoja aite msaada, mmoja aanze kukandamiza kifua, mmoja akimbilie kifaa. Wifi alikuja kujifunza pia. Alikandamiza mdoli wa mazoezi kwa nguvu hadi Mwokoaji akamwambia, pole, ameshapona huyo.

Hakuna aliyecheka kuliko Wifi.

Jumatatu, 2 Juni

Jua. Nguo zimekauka. Vidonge bado vinachosha.

Jumamosi, 7 Juni

Mashindano.

Nilikaa kati ya Mama na Wifi. Baba Chura alishindwa kukaa, akawa anazunguka nyuma ya viti kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkufunzi wa Chura alinipungia mkono kutoka upande wa pili. Anajua kila kitu, nilikaa naye wiki nzima.

Chura alisimama kwenye jukwaa, akainama. Kengele. Wakajitosa, na kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kuvumilia kila mtu alikuwa chini ya maji na mimi nilikuwa sina mtoto. Kisha kofia yake ikatokea, ya tatu, ikawa ya pili. Mama alikuwa amenishika paja, anaminya. Sijui picha ya moyo wake ya mwaka ujao itasema nini. Hakuna anayejua. Nilijaribu kutazama mikono yake tu: inaingia maji, inavuta, inatoka.

Kwenye ukuta wa mbali wakageuka. Akatoka wa nne. Akamaliza wa nne.

Alipanda ngazi amekunja uso, anahema vizuri, macho mekundu kwa hasira. Bibi yake alimfikia wa kwanza na taulo. Wifi akasema hongera. Baba yake akasema hongera. Chura akawasukuma wote kando.

"Nimegusa ukuta vibaya," akaniambia.

"Hukugusa vibaya. Uliinua kichwa kumwangalia wa pembeni."

"Sikuinua!"

"Uliinua. Ndipo ukachelewa kujikunja."

"Mama, ulikuwa mbali, usingeweza kuona."

"Miaka yote nafundisha kitu gani, kushona?"

"Jamani, mwacheni mtoto apumue," Mama akasema.

"Bibi, napumua!" Chura akafoka, na maji yakamtoka puani.

Nikamwonyesha kwa mikono jinsi ya kujikunja, kidevu kifuani. Akasema hivyo ndivyo alivyofanya. Nikasema sivyo. Tulibishana hivyo, yeye na taulo begani, mimi nimejikunja kwenye benchi kama mgonjwa wa tumbo, mpaka viti vyote vikawa vitupu na Meneja akaja kutuambia anafunga.